Kabati Chini ya Meza ya Baba

Binti alikaza skrubu ya mwisho, akalipiga kabati jipya kofi la kujipongeza. Zana zote sasa zilikuwa chini ya meza ya useremala, mtu azifikie akiwa ameketi.

"Shusha meza, Baba. Nimepima mwenyewe!"

Tangu miguu imgomee miezi kadhaa iliyopita, Baba hakuwahi kuingia karakana hadi leo. Alisogeza kiti chake cha magurudumu, akazungusha mpini wa kushushia meza. Meza ikashuka taratibu, ikasimama juu ya kabati bila kuligusa, ikabaki nafasi ya kidole tu.

"Si nilikwambia?" Binti alitamba.

Baba akasogea afanye kazi. Ngo! Magoti yakagonga mlango wa kabati. Akajaribu tena. Ngo!

Kumbe mpimaji alipima akiwa amesimama.

"Fundi mzima wewe!" Baba alifoka. "Magoti yangu niyatundike ukutani?"

Miezi yote hiyo Baba alishukuru kila kitu, hata chai iliyopoa. Leo anagomba kama zamani.

Baba aliichomoa penseli ya kupimia nyuma ya sikio la binti yake, akaichomeka nyuma ya sikio lake mwenyewe.

"Lete msumeno," alisema. "Safari hii napima mimi."