Mashine kwa Mitamba Miwili

Siku Eustaki alipouza mashine yake ya kusaga kwa mitamba miwili iliyokonda, alihakikisha kwanza anatukanana na mnunuzi mbele ya soko zima la Sumbawanga.

"Mla maksai wa watu wewe!" Mayunga alifoka, fimbo juu. "Mungu anakuona!"

"Mchunga ng'ombe usiye na shukrani! Beba chuma chako unitoke machoni!"

Wauza dagaa wakaacha kupima. Mayunga, Msukuma aliyehamia Mollo na mifugo yake, midomo ilimtetemeka, na machozi yakamtoka kweli. Hata Eustaki alishangaa. Jamaa huyu, alijiambia, angezaliwa mjini angekula kwa maigizo.

Maana ugomvi ule walikuwa wameupanga, na aliyeigiziwa alisimama palepale: Redempta, mthamini kutoka Dar es Salaam.

Serikali ilikuwa inajitoa kwenye biashara, na kinu cha shirika la umma, ambacho Eustaki alikuwa meneja wake, kilikuwa kinauzwa: mashine nne za dizeli, nzima kabisa. Eustaki alizitaka zote, na alizitaka kwa bei ya kutupa. Kwanza alimpelekea Redempta jogoo. Jogoo akarudishwa na kamba yake mguuni.

"Meneja, thamani ya haki haitoki kichwani mwangu wala mwako," alimwambia. "Ni bei ambayo watu wawili wangekubaliana sokoni, kila mmoja akijua anachofanya, bila kushurutishwa. Ikiwepo mashine ya aina hii iliyouzwa hapa mjini, nitaanzia hapo."

"Hata nikimuuzia shemeji yangu?"

"Ya shemeji siihesabu. Ndugu na marafiki hupendeleana."

Basi Eustaki akahitaji adui, na maadui hakuwa na uhaba nao. Mashine anayo, ya aina ileile, huko Chanji, na ndiyo iliyokuwa inailisha nyumba yake. Mtu mwenye akili asingeitoa kwa chini ya zizi zima la ng'ombe. Akamchagua Mayunga. Mwaka juzi maksai wa Mayunga waliingia kwenye shamba la ulezi la Eustaki, naye akawafungia. Mayunga akiwa bado anahangaikia faini, yule mkubwa, kiongozi wa jembe, akaliwa Krismasi nyumbani kwa Eustaki. Mji mzima ulijua. Adui wa namna hiyo mthamini gani angemtilia shaka?

"Tutatukanana, utanipa mitamba, utaondoka na mashine," alimweleza kwa siri. "Kinu kikishakuwa changu unanirudishia mashine, nami nakurudishia mitamba yako na maksai wa kukupoza moyo. Tangazo la zabuni nitalibandika nyuma ya mlango wa stoo. Hakuna mwingine atakayeomba."

Mayunga alichimbachimba ardhi kwa fimbo. "Mkubwa kama yule wangu?"

"Kuliko yule."

"Haya, meneja."

Fortunata, mke wa Eustaki, aliposikia alishika kichwa. "Baba Jane, mashine hiyo ndiyo ugali wetu. Unamkabidhi mtu uliyemlia maksai wake?"

"Mwanamke, yule ukimpa bahasha ya zabuni ataifungia tumbaku."

Pale sokoni, matusi yalipopoa, Redempta aliwasogelea. "Mmeuziana kwa hiari? Hakuna aliyemlazimisha mwenzake?"

"Hakuna," alisema Eustaki.

"Hakuna," alisema Mayunga, akijifuta uso.

"Na hati mmeandikishana?"

"Ofisi ya kata, mbele ya mashahidi."

Redempta alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Afadhali mnachukiana hivi. Hapo hakuna kupendeleana." Akaandika. Katika taarifa ya shirika, kila mashine ya kinu ikawa na thamani ya mitamba miwili.

Lori lililoleta dagaa kutoka Kasanga ndilo lililobeba ile mashine. Mayunga alikuwa ameshaelewana na dereva. Eustaki aliswaga mitamba yake hadi nyumbani akipiga mluzi, na jioni ile alimwambia Fortunata aanze kufikiria rangi ya kupaka kinu.

Siku ya kufungua zabuni alivaa suti. Mezani palikuwa na bahasha mbili.

"Mbili?" aliuliza.

Redempta alisoma ya kwanza: Eustaki, bei ya mthamini na kijisenti juu yake. Akasoma ya pili, akarudia kuisoma, maana ilikuwa imeipita ile ya kwanza mbali sana.

"Kinu kimekwenda kwa Mayunga, wa Mollo. Pesa ameshazileta taslimu."

Eustaki alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, alisimama. "Mchunga ng'ombe yule? Auze zizi lake lote na fimbo juu, hazifiki hizo! Kazitoa wapi?"

Alipanda baiskeli na suti yake, akakata upepo wa uwanda hadi Mollo, huku akitukana njia nzima. Safari hii hakuwa anaigiza. Alimkuta Mayunga uani, anafunga nira mpya.

"Mwizi mkubwa! Nirudishie mashine yangu!"

"Mashine yako?" Mayunga hakuinua uso. "Tumeuziana sokoni, meneja. Kwa hiari. Umesema mwenyewe."

"Iko wapi?"

"Ilipanda meli Kasanga, iko Zambia. Aliyeinunua hanijui, simjui. Tumekubaliana tu bila kupendeleana." Mayunga alikaza kamba ya nira kwa meno, akaifunga fundo. "Thamani yake ya haki ndiyo niliyoitia kwenye bahasha."