Lehemu ya Bi Kidawa

"Mji huu hauna fundi wa redio kama mimi," alijigamba Bi Kidawa dukani. "Za wenzangu zikitengenezwa hulia; zangu huimba."

Muuza vifaa akacheka, akamwekea lehemu, risasi ya kuungia, za aina mbili. "Hii ya mabati ina tindikali, Bibi, italamba waya wako wa shaba mpaka ukatike. Kwa antena chukua hii yenye ulimbo ndani."

Akachukua ya ulimbo. Tangu mfungo uishe, mumewe, Mzee Shaame, alidai masikio yamekufa, na Bi Kidawa alichoka kuzungumza na kuta. Labda redio, aliyoipenda mzee kuliko wali, ataisikia.

Nyumbani akaunga antena, akaitundika darini, akawasha redio chumbani. Ikaja sauti nyembamba kama ya mbu: mpira, mtangazaji anapigia kelele penalti. Mzee Shaame alikuwa uani, kaupa mlango mgongo, anachambua choroko.

"Penalti gani hiyo!" akafoka. "Refa kahongwa!"

Bi Kidawa akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu mfungo.

"Baba Rukia," akanong'ona kutoka chumbani, "chai tayari."

"Nakuja," akajibu mzee, kisha mkono wake ukaganda juu ya ungo, choroko zikimtiririka vidoleni.