Gari Ambalo Babu Hakulikalia

Injini ilipokubali kuwaka, Fahadi alipiga honi mara mbili ili babu yake atoke nje.

Miaka mitatu alikuwa akihangaika na ile MG kuukuu, gari dogo la Kiingereza la viti viwili, lisilo na paa, lililoachwa kijijini Kwai na Mzungu mwenye shamba. Kufungua kabureta alijifunza kwenye video za simu. Vijana wenzake walitamani Subaru. Yeye alitaka kumpakia mzee amteremshe hadi Lushoto mjini, upepo ukimpiga usoni. Ujanani mwake babu alikuwa mtumishi wa Mzungu huyo, akiliosha gari hilo kila asubuhi, wala hakuwahi kulikalia.

Mzee alitoka akipapasa ukuta. Siku hizi alisahau mengi, hata majina ya wanawe. Aliposikia ule mngurumo, mgongo ukamnyooka.

"Panda, babu! Leo unaendeshwa wewe."

Hakupanda. Alikwenda mbele ya gari, akavuta mkono wa sweta ukafunika kiganja, akaifuta taa ya kushoto, kisha ya kulia, polepole, mpaka zikang'aa. Halafu akavua kofia, akamwinamia mjukuu wake.

"Shikamoo, bwana."

Fahadi alizima injini. "Babu, ni mimi. Fahadi."

Mzee hakuinua kichwa. Fahadi akaona kwamba asipoitikia, babu atasimama vile vile mpaka jua lizame.

"Marahaba," akasema.