Ndege wa Ukutani

Mzee aliinua mkono mbele ya ukuta, na ndege wa mwanga, waliochorwa hapo na kompyuta, wakampita kama hayupo. Mafundi wa ukumbi walikuwa wakipunga tu, hawagusi chochote, na ndege wanawafuata viganjani.

“Labda hawanipendi,” alisema.

“Subiri kidogo, baba.”

Binti yake, msanii aliyeitengeneza kazi hiyo, alikuwa hakai wala hasimami tangu asubuhi. Wageni walishajaa mlangoni. Aliutazama ule mkono wa baba, uliotetemeka tangu ugonjwa umwanze, akaelewa. Ni yeye mwenyewe aliyeiagiza kompyuta ipuuze kila mtikisiko. Siku za majaribio, akiwa peke yake, ndege walikuwa wakichezacheza ovyo kiganjani mwake, akailaumu kamera inayosoma mikono, ndipo akatoa amri ile.

Akapiga magoti penye kompyuta, akaiondoa amri ile.

Ndege wakaja. Wakatua kwenye kiganja cha mzee, wakitetemeka naye, na mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka.

“Njoo na wewe, mama. Tugawane.”

Akasimama kando yake, akainua mkono. Nusu ya ndege wakahamia kwake.

Hao nao walitetemeka.

Akaushika mkono ule kwa mkono wa pili, akaubana kifuani, akaunyoosha tena taratibu. Ndege hawakutulia.

Mzee aliacha kucheka. Hakuwa akiutazama ukuta tena. Aliutazama mkono wa mwanawe.

“Ni kamera tu, baba,” alisema, na mlango ukafunguliwa.