Mikono Chini

"Mama, usinyanyue mikono kabisa," Sajenti Tungaraza alimsihi mwanamke mmoja, akimkazia mkanda wa kuokolea chini ya makwapa, juu ya paa lililozungukwa na mafuriko. "Ukiinyanyua tu, unachomoka."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Mtoto wa mama huyo alikuwa ametangulia kwenye helikopta.

Kamba ikamvuta. Sajenti akabaki juu ya paa, shingo imekakamaa, akimtazama mama yule akizungushwa na upepo, viwiko vimeganda mbavuni. Akapita nguzo ya umeme. Akaukaribia mlango. Sajenti akathubutu kupumua.

Ndipo mtoto akachomoza mlangoni, askari kamshika kiuno, akamnyooshea mama yake mikono yote miwili.

Sajenti alipiga kelele, lakini mngurumo ukaimeza sauti yake. Kule juu, viwiko vikaanza kuachana na mbavu.