Boksi la Makame

Makame aliingia dukani kutafuta boksi. Kifaa cha kusomea vitabu kilikuwa kisingizio tu.

"Hiki kiduchu mno," alimwambia dada yake, akikisukuma kwa kidole kimoja. "Kesho ukumbini mshereheshaji akikinyanyua, watu wataona nini? Kipande cha sabuni?"

"Baba hasomi boksi, kaka," Tunu alijibu. "Hiki kinakuza herufi."

Muuzaji akabonyeza, na herufi zikavimba hadi kila moja ikawa kama korosho. Tunu akamwona akilini baba yao, mwalimu anayeagwa kesho, akifunua kurasa kila asubuhi ili wasijue kwamba macho yake hayashiki tena hata mstari mmoja.

"Nataka kile," Makame akasema. Kilikuwa kishikwambi chenye fremu ya dhahabu, ndani ya boksi linalotosha jozi ya mabuti.

"Kina vitabu?" Tunu akamuuliza muuzaji.

"Hata kimoja, dada. Michezo ya magari tu."

"Safi!" Makame akasema. "Mzee keshasoma vya kutosha."

Simu yake ikaita. Akatoka kuipokea barabarani, mtaa mzima umsikie anavyowajali wazazi.

Tunu akamtazama kama anayetazama kanzu iliyoanikwa ikijazwa upepo.

"Kile kidogo," akamwambia muuzaji, "kitie kwenye boksi la kile kikubwa."

Makame akarudi, akalipandisha boksi begani. "Hii ndiyo zawadi!" akasema, akatangulia kifua mbele.

Tunu akamfuata, akisikiliza kitu kidogo kikigonga ndani kwa kila hatua.