Programu Inayokula Mashine

Kompyuta ya ofisi ya maji ilikuwa imelemewa tangu asubuhi, na pampu za mji zikawa zinaitika kwa kuchelewa. Raziki alifungua orodha ya programu zinazofanya kazi, akashangaa. Moja, iliyoitwa Mwanakombo, ilikuwa ikila karibu nguvu zote za mashine.

"Ya nani hii?" aliuliza.

"Ya marehemu fundi Shomari," alijibu mkuu wake, mzee Kitwana. "Amekufa kaiacha inajiendesha tu. Izime, mwanangu."

Raziki aliizima. Mstari wa kijani ulioonyesha mzigo kwenye kioo ukaporomoka, feni ikanyamaza, wakashusha pumzi.

Kabla ya adhuhuri hodi ilipigwa. Mlangoni alisimama Bi Mwanakombo, mjane wa Shomari, ndoo mkononi. Raziki alichanganyikiwa. Mwanamke aliye edani anatafuta nini barabarani?

"Niwieni radhi, nimetolewa na dhiki. Sina hata maji ya kutawadhia."

"Mbona maji yapo, bibi?" Raziki alifungua bomba la ofisini kumwonyesha. Yaliruka.

"Kwangu kule mlimani yamekauka leo. Hata siku ya mazishi hayakukatika."

Raziki alirudi kwenye mashine, akaifungua ile programu na kuisoma. Ilikuwa na kazi moja: kuuliza bila kupumzika kama maji yamefika mlimani, na yasipofika, kuyasukuma.

Aligeuka kumtazama mzee Kitwana. Mzee alikuwa akiitazama ndoo. Bomba la ofisini lilikuwa bado linamwaga maji, na hakuna aliyekumbuka kulifunga.